Roboti ikikuandikia barua, nani atasoma jibu?

 Msomaji, niazime dakika chache tu. Leo nataka tuzungumze kuhusu barua. Si barua za benki za kukukumbusha deni, wala za mwenye nyumba. Nazungumzia barua ya mtu kwa mtu, ile iliyoandikwa kwa mkono, ikakunjwa, ikatiwa katika bahasha na kubandikwa stempu.

Huenda unacheka na kusema, "Huyu naye amechelewa! Siku hizi nani anaandika barua?" Basi nikuambie jambo. Siku hizi kuna barua za mkono zinazoandikwa kwa maelfu, ila mkono wenyewe si wa binadamu. Nisingelijua hilo lau si yaliyotufika nyumbani kwetu mwaka jana.

Mama yangu anaishi Wundanyi, kule milima ya Taita. Umri umesonga na masikio yamemtupa mkono. Ukimpigia simu, itabidi upaaze sauti mpaka majirani wazijue siri zenu zote. Macho, tunamshukuru Mungu, bado yanaona akivaa miwani. Kwa hivyo kitinda mimba wetu alipopata nafasi ya kwenda Marekani, mama alimpa sharti moja tu: "Mwanangu, niandikie."

Mdogo wangu huyo yuko Texas, anawahudumia wazee katika makao yao. Kazi ni ya usiku, na mara nyingi huunganisha zamu mbili. Mwaka wa kwanza aliandika barua tatu. Wa pili aliandika moja. Baadaye ikawa kimya. Pesa za matumizi zilikuja kwenye simu bila kukosa, lakini barua hazikuja. Mama hakulalamika. Hata hivyo, kila nilipomtembelea, kabla sijaketi aliniuliza, "Sanduku umelipitia?" Sanduku lenyewe ni la shule ya msingi iliyo karibu, ambalo kijiji kizima hulitumia.

Februari mwaka jana barua zikaanza kuja. Moja kila mwezi, karatasi nzito nzuri, wino wa samawati, mwandiko safi usio na doa. Mama alitembea na ile ya kwanza kanisani, sokoni na hata zahanati. Akishazisoma alizitia katika mkebe wa biskuti, pamoja na barua alizoandikiwa na marehemu baba zamani alipokuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Kila barua aliijibu kwa kurasa mbili kamili.

Mwezi wa Agosti nilikuwepo barua ilipofika. Mama alivaa miwani, akaisoma, kisha akaisoma tena. Mwanawe alikuwa amemwomba amsalimie jirani yetu wa ng'ambo ya mto, "na umwambie nikija nitamletea kitambaa." Jirani huyo tulimzika mwezi wa Aprili. Mama mwenyewe alikuwa ameandika kurasa mbili kumweleza mwanawe jinsi alivyougua, jinsi alivyozikwa, na mvua iliyonyesha kaburini.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu hasomi barua zangu."

Usiku huo nilimpigia mdogo wangu simu. Alinyamaza kwa muda, kisha akanipasulia ukweli. Mwezi wa Januari, jioni moja aliyokuwa huru, aliketi mbele ya kompyuta akaandika barua fupi kumi na mbili za mwaka mzima. Akachagua mwandiko, akachagua karatasi, akapanga tarehe na kulipa. Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya kampuni moja ya huko, ambayo roboti zake hushika kalamu na kuandika. "Kaka, sikuwa na nia mbaya," aliniambia. "Niliona heri apate hizo kuliko kukosa kabisa." Nilipomwuliza kuhusu majibu ya mama, alisema matatu yalikuwa katika gari lake, hajayafungua.

Roboti zenyewe

Nilikasirika, msomaji, sitakuficha. Lakini hasira zilipopoa nikataka kujua ni kampuni gani hizi na zinafanyaje kazi. Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mtapenda kusikia, maana ni ufundi wa kuvutia.

Mojawapo ya kampuni zinazojulikana sana kwa kazi hii ni Handwrytten ya jimbo la Arizona, iliyoanzishwa mwaka wa 2014 na David Wachs. Bwana huyu hapo awali alikuwa na kampuni ya kutuma ujumbe mfupi wa simu kwa niaba ya wafanyabiashara. Yaani mtu aliyesaidia kujaza simu za watu ujumbe ndiye aliyegundua kuwa watu wamechoka na ujumbe. Simu ikilia mara hamsini kwa siku, mlio wa hamsini na moja hausikiki. Lakini bahasha iliyoandikwa jina lako kwa kalamu huwezi kuitupa kabla ya kuifungua.

Roboti yenyewe usiifikirie kama mtu wa chuma mwenye macho mekundu. Nyingi zake ni meza yenye reli mbili. Mota moja huipeleka kalamu kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma, na kifaa kidogo huiinua na kuishusha. Kalamu ni ya kawaida, kama uliyo nayo mfukoni. Ndiyo maana ukipitisha kidole nyuma ya karatasi utahisi mahali ilipokandamiza, na ukilowesha herufi wino unaweza kutapakaa. Printa ya kawaida haikandamizi karatasi hivyo.

Ugumu uko katika mwandiko. Binadamu hawezi kuandika herufi "a" mara mbili zikafanana kabisa. Mashine hufanya hivyo bila shida, na hapo ndipo inapojifichua. Kwa sababu hiyo, wenye kampuni humtafuta mtu wa kuandika kila herufi mara nyingi, kisha programu ya kompyuta huzichanganya. "A" ya kwanza iwe na tumbo, ya pili iwe nyembamba. Mstari mmoja upande kidogo, mwingine ushuke. Pambizo ya kushoto isinyooke kama rula. Kwa ufupi, fundi analipwa ili mashine ikosee vizuri.

Wateja wao wakubwa ni wafanyabiashara. Mwuza magari hutaka kumshukuru aliyenunua gari. Shirika la hisani hutaka kumshukuru aliyetoa mchango. Dalali wa nyumba hutaka mwenye nyumba afikiri kuna mtu aliyeketi akamwandikia yeye peke yake, kumbe mtaa mzima umepata barua iyo hiyo. Mara nyingine hakuna hata mtu anayebonyeza kitufe. Mteja akinunua viatu dukani, kompyuta ya duka huiambia kompyuta ya kampuni ya barua, na roboti huanza kuandika: "Asante sana, tumefurahi mno." Hakuna aliyefurahi hapo, msomaji. Ni mashine mbili zimezungumza.

Si jambo geni

Ukidhani haya yameanza juzi, utakuwa umekosea. Huko Uswisi, fundi wa saa aitwaye Pierre Jaquet-Droz pamoja na wenzake walikamilisha mwaka wa 1774 mwanasesere wa mtoto aliyeketi mezani. Ndani yake mna vipande takriban 6,000. Ukimtegesha, huchovya unyoya wa bata bukini katika wino, huutikisa, na kuandika maneno yasiyozidi herufi 40 huku macho yake yakifuata kalamu. Mpaka leo yuko katika jumba la makumbusho la mji wa Neuchâtel, na bado anaandika.

Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa tatu wa Marekani, alianza mwaka wa 1804 kutumia mashine yenye kalamu mbili zilizounganishwa kwa vijiti. Aliandika kwa moja, na ya pili ikamfuata kwenye karatasi nyingine, akabaki na nakala ya kila barua. Mkono ulikuwa wake na maneno yalikuwa yake. Mashine ilimsaidia kukumbuka aliyomwandikia kila mtu. Angalia tofauti hiyo, tutairudia.

Katika karne ya 20 ikaja mashine ya kutia sahihi, ambayo viongozi wa Marekani wameitumia kwa miaka mingi. Mwezi wa Mei mwaka wa 2011, Rais Barack Obama alikuwa Ufaransa na kulikuwa na sheria ambayo muda wake ulikuwa ukiisha usiku huo. Aliagiza mashine iliyoko Marekani imtilie sahihi. Kulikuwa na waliolalamika, lakini angalau uamuzi ulikuwa wake na kila mtu aliambiwa.

Sasa tazama pale mambo yalipoharibika. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2004, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, alilazimika kukiri kwamba hakuwa akitia sahihi kwa mkono wake barua za rambirambi zilizopelekewa familia za wanajeshi waliouawa vitani. Barua hizo zilizidi 1,000. Wazazi waliofiwa walipojua, uchungu wao ukawa mara mbili. Waziri aliahidi kuwa kuanzia hapo angetia sahihi kila barua mwenyewe.

Na mwezi wa Novemba mwaka wa 2022, wapenzi wa mwanamuziki Bob Dylan walinunua nakala 900 za kitabu chake kwa dola 599 kila moja, wakiwa wameahidiwa kuwa kila nakala imetiwa sahihi kwa mkono wake. Walipolinganisha picha waligundua kuwa sahihi zinafanana mno. Mchapishaji akarudisha pesa. Dylan mwenyewe akaomba radhi, akieleza kuwa alikuwa akisumbuliwa na kizunguzungu na hakuweza kuketi na kutia sahihi kama zamani. Maskini! Lau angalisema mapema, huenda wengi wangalimwelewa.

Unaona basi, mashine haikumkasirisha mtu katika visa hivi. Watu walikasirika kwa sababu walidhani kuna mtu aliyewakumbuka, kumbe hakuna.

Mpwa wangu na ndoto ya mamilioni

Nilikuwa nikiyasimulia haya mezani kwangu Nairobi, na mpwa wangu, mwanafunzi wa uhandisi, akaacha kula. "Mjomba," akasema, "hii ni biashara! Mashine kama hiyo naweza kuiunda mwenyewe. Mota tatu, reli, na kibao cha kuziongoza. Nitaanzisha kampuni ya barua hapa Nairobi."

Sikumkatisha tamaa. Kijana akiwaza, mwache awaze. Nilimwambia tu alete karatasi tupige hesabu.

Tuseme barua moja inachukua dakika tano. Kwa saa moja mashine itaandika 12, na kwa siku ya saa nane itaandika 96, kama kalamu haijakauka na karatasi haijakwama. Akija mteja anayetaka barua 10,000 za Krismasi, mashine moja itahitaji zaidi ya siku 104. Ukitaka kumaliza kwa siku kumi na moja, sharti uwe na mashine kumi. Na hizo kumi zitafanya nini mwezi wa Februari, wakati hakuna anayemtakia mwenzake chochote? Kumbuka matbaa huchapa nakala ya kwanza kwa gharama kubwa na zinazofuata kwa bei nafuu. Hapa sivyo. Barua ya 10,000 hula wino, dakika na stempu sawa na ile ya kwanza. Isitoshe, lazima kuwe na mtu wa kupachika karatasi, kubadilisha kalamu, na kusoma kila barua asije akamwandikia Bwana jina la Bibi.

Kisha kuna suala la kuifikisha. Kule Marekani mtu wa posta huleta barua hadi mlangoni. Kwetu barua huishia kwenye sanduku, na sanduku lenyewe huenda ni la shule, la kanisa au la ofisi ya rafiki. Vile vile kuna sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019. Majina na anwani za watu si mahindi ya kuokota njiani. Ukiyapata bila idhini yao na kuyatumia kuwauzia vitu, unaweza kujikuta taabani.

Mpwa wangu aliandika yote hayo. Halafu akaniuliza swali lililonifanya niweke kikombe chini. "Lakini mjomba, ni biashara mbaya? Ni udanganyifu?"

Mwandishi wa kijiji

Sikumjibu mara moja, na sababu ni hii. Mimi mwenyewe, msomaji, niliwahi kuwa roboti ya kijiji.

Nikiwa darasa la sita mwandiko wangu ulisifiwa, na akina mama wengi pale kwetu hawakuwa wamekanyaga darasani. Waume zao walikuwa Mombasa, Voi na Nairobi. Jumamosi alasiri walikuja mmoja mmoja, wakaketi kwenye kigoda na kunisemea maneno. Malipo yangu yalikuwa ndizi mbivu au muhogo wa kuchoma. Mama mmoja namkumbuka mpaka leo. Aliniambia, "Mwandikie kwamba mtoto ameota meno mawili na mbuzi yule mweusi amepotea." Mimi, kwa ushauri wa mwalimu wangu wa insha, nikaanza na salamu nyingi zisizo na idadi, nikamtia maua na manukato, nikamfananisha mume wake na nyota ya alfajiri. Nilipomsomea akanitazama kwa mshangao. "Hayo sikuyasema. Yafute. Andika meno mawili na mbuzi."

Nikafuta. Na chini kabisa akaniagiza niandike jina langu, kwamba mimi mtoto wa fulani ndiye niliyeshika kalamu. Mumewe hakudanganyika. Alijua mkono ni wa mtoto wa jirani, lakini meno mawili na mbuzi vilitoka kwa mkewe. Jibu lilipokuja, mama yule alikimbia kwetu na bahasha mkononi, akaketi kwenye kigoda kile kile, nami nikamsomea mara tatu.

Hilo ndilo nililomjibu mpwa wangu. Kuazima mkono si dhambi. Binadamu amekuwa akiazima mkono tangu kalamu zilipobuniwa. Kipofu huazima, mgonjwa huazima, asiyejua kusoma huazima. Kuna mambo matatu tu ya kujiuliza. Je, maneno ni yako? Je, anayeandikiwa anajua mkono ni wa nani? Na jambo kubwa kuliko yote: akijibu, kuna atakayesoma?

Hapo ndipo kampuni hizi zinapokwama, hata zile zilizo na mashine bora kabisa. Zinauza kwenda tu, hazina kurudi. Roboti ya siku hizi inajua kuandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, lakini haina habari kuwa jirani amekufa. Barua ni mazungumzo. Ukizungumza na mtu, naye akajibu, nawe ukaendelea na la kwako kana kwamba hakusema neno, hata ungekuwa na sauti tamu kama zumari, hatimaye ataondoka.

Na kuna jambo jingine ambalo mwenye biashara hii analijua moyoni. Barua ya mkono ina thamani kwa sababu ni adimu. Mtu huifungua kwa kuwa anaamini kuna aliyeacha shughuli zake akaketi. Kila barua ya mashine inayomdanganya inapunguza imani hiyo. Siku watu wote watakapoanza kulowesha wino kwa mate ili kuona kama ni wa kweli, bahasha ya mkono nayo itatupwa jalalani, ya roboti na ya mama pamoja. Mkulima anayekula mbegu hana mavuno mwakani.

Alichokisema mama

Tulimwambia mama ukweli. Nilitaka kumficha, lakini mke wangu alinikanya. "Mama si mtoto," alisema. "Tena ameshajua, anangoja tu kuona kama mtamheshimu." Nilisafiri hadi Wundanyi nikamweleza kila kitu kwa maandishi, ukurasa mmoja, kwa kuwa sikutaka kumpigia kelele jambo kama hilo.

Alisoma, akatafakari. Akauliza, "Hiyo mashine, inalipwa pesa ngapi?" Nikamwambia ni dola chache kwa kila barua. Akasema, "Basi hakunitupa. Mtu hatoi pesa kwa aliyemtupa." Kisha akaongeza, "Lakini mwambie mimi sikumwomba mwandiko mzuri. Hata alipokuwa shuleni hakuwa nao."

Mdogo wangu alizifungua barua zile tatu ndani ya gari lake, katika egesho la kazini, alfajiri baada ya zamu. Aliniambia alilia kama mtoto. Miongoni mwa habari alizozikosa, paa la jikoni lilikuwa limeezuliwa na upepo, na mama alikuwa amelala chini ya turubai juma zima kwa sababu hakutaka kumsumbua mtu mwingine ila yeye, kitinda mimba, aliyemwahidi kulirekebisha.

Mwezi wa Novemba barua ilikuja. Karatasi ilikuwa ya daftari, imechanika pembeni. Mistari imepanda na kushuka kama njia ya Wundanyi yenyewe. Mahali pawili amefuta, na kuna alama ya mviringo ya kikombe cha kahawa. Alianza na jirani, akampa mama pole, akamkumbusha jinsi marehemu alivyomfukuza kwenye mipera yake alipokuwa mdogo. Akauliza kuhusu paa. Akaeleza kuhusu bibi mmoja anayemhudumia, ambaye humwita kwa jina la mwanawe, naye huitikia.

Mama alisoma kwa nusu saa nzima. Alipomaliza, aliikunja na kuitia kwenye mkebe. Nikamwuliza kama nizitoe zile za mashine. Akanikatalia. "Ziache. Zililipiwa kwa jasho lake. Lakini hii iweke juu."

Wewe na mimi

Msomaji, sitaki uondoke hapa ukidhani nimekuambia uchukie mashine. Kama una duka na unataka kuwashukuru wateja 500, tumia mashine ukipenda, lakini andika maneno yako mwenyewe, na usijifanye uliketi usiku kucha ukiwaandikia. Kijana unayetaka kuanzisha kampuni kama hii, anzisha. Ila weka mipaka mapema. Rambirambi usiiuze. Msamaha usiuuze. Barua ya mtoto kwa mzazi, muulize mteja wako kwanza: majibu yatasomwa na nani?

Na wewe mwenye mzazi mashambani, au mwenye mtoto katika shule ya bweni, leo ni Jumapili. Karatasi ipo na kalamu ipo. Usingoje uwe na mengi ya kusema. Meno mawili na mbuzi aliyepotea yanatosha. Na kama una barua mahali, kwenye gari, kwenye mkoba, kwenye droo ya ofisi, ambayo hujaifungua, tafadhali anza na hiyo.

Mpwa wangu hajafungua kampuni yake bado. Kila mwisho wa mwezi mjombake aliyeko Texas humpigia simu, naye huketi na daftari akaandika anachoambiwa, neno kwa neno, kisha chini kabisa huandika: "Aliyeshika kalamu ni mjukuu wako." Mama akijibu, kijana huisoma barua nzima kwa simu, polepole. Ana mteja mmoja tu kwa sasa, tena hamlipi. Lakini Wundanyi, nikifika, siku hizi siulizwi tena kuhusu sanduku.

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akipenda.